Wifi Hali Ngano

Mgeni wa Iddi ana haki yake, na mimi sijamnyima mtu haki. Ila kuna wageni na kuna mawifi. Mgeni ukimwekea chakula anasema bismillahi. Wifi anafunua kawa kwanza. Wangu mimi, dada mkubwa wa mume wangu, aliolewa Muscat zamani, kazaa huko, kapata wajukuu huko, na kila akija Tanga anashuka na masanduku mawili na maoni ya kujaza la tatu. Pilau ina rangi nyingi. Mchuzi una maji. Kuku kaiva upande mmoja. Yote hayo nimeyameza tangu nikiwa bibi harusi, kwa sababu maoni ya wifi yana dawa yake: unamwongezea chapati, mdomo unapata shughuli nyingine.

Mwaka huu dawa hiyo nimenyang'anywa. Katikati ya Ramadhani wifi alimpigia simu kaka yake: anakuja kula Iddi na sisi, inshallah, lakini siku hizi hali ngano. Madaktari wa huko walimpima damu, wakamteremshia kamera tumboni, wakakata kinyama cha utumbo na kukitazama kwa hadubini, wakamwambia ana ugonjwa wa siliaki. Zamani alikikataa chakula changu kwa mdomo mtupu. Sasa anakikataa kwa cheti.

"Ni ngano tu," mume wangu akaniambia, kwa utulivu wa mtu asiyejua chumvi inakaa kopo gani. "Itoe, upike vingine."

Itoe! Hebu keti nikuhesabie Iddi ya Tanga ukishaitoa ngano. Asubuhi watu wakitoka msikitini wanakuta tambi na maandazi: ngano na ngano. Sambusa, manda zake ngano. Visheti ngano, kaimati ngano, keki ngano, mkate wa ajemi ngano. Katlesi ni viazi na nyama, lakini wapishi wa siku hizi hawaridhiki mpaka wazigaragaze kwenye chenga za mkate. Bokoboko ndiyo ngano isiyojificha kabisa, punje nzima nzima zinapondwa na nyama mpaka zivutike. Chapati siitaji, nisije nikalia. Kilichobaki hapo ni pilau, kachumbari na ndizi mbivu, na hiyo ni karamu ya mtu aliyehamia nyumba jana.

Halafu tunajisifu kwamba hivi ni vyakula vyetu vya asili. Ngano yenyewe Tanga mjini haioti, inataka baridi. Ya humu nchini inalimwa huko Hanang na nyanda za juu, haitoshi, na nyingi inaletwa na meli. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ya unga ikapanda na maandazi ya Ngamiani yakakonda. Wakorofishane watu wa mbali huko, mimi nipewe andazi la kumeza mara moja.

Binti yangu anasomea uuguzi, na mwenye mtoto msomi hakosi kufundishwa nyumbani kwake. Akanieleza kwamba ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini inaitwa gluteni, ile inayofanya donge livutike. Mwenye siliaki akiila, kinga yake ya mwili inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala chini, mtu anakula na hashibi, anakonda, anaishiwa damu. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha, na kuacha ni mpaka kaburini. Katika watu 100 duniani, kama mmoja hivi anao, na wengi wao hawajijui.

"Na akila kidogo?" nikauliza.

"Kidogo ndicho hicho hicho, mama. Chakula kikiandikwa kwamba hakina gluteni, kipimo cha kimataifa ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo."

Miligramu 20 kwa kilo nzima! Jikoni kwangu miligramu 20 zimo ndani ya ukucha wangu wa kidole gumba. Zimo kwenye upindo wa kanga. Miaka yote hii nimekuwa nikisukuma chapati pale, unga ukiruka mpaka kwenye picha ya baba mkwe ukutani.

Binti akaona bado sijashiba elimu, akaniongeza hadithi ya Uholanzi. Anasema kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiushuku mkate tangu kabla ya vita. Baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945 Wajerumani wakawabana, nchi ikashikwa na njaa, mkate ukawa wa kutafutwa kwa tochi, watu wakala mpaka vitunguu vya maua. Watoto wenye ugonjwa huu, badala ya kuzidiwa, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Hapo daktari akawa na hakika. Nikamwambia binti yangu kisa ni kizuri, ila asikirudie mbele ya baba yake. Yule bwana akisikia kwamba kuna mtu aliwahi kupona kwa kukosa chakula, hela ya soko inapungua kesho yake.

Nikasema basi, nitafute unga wa wagonjwa wenyewe. Kuna duka moja kubwa linalouza vitu vya wazungu, unga huo wanao, pakiti ya kutoshea mfuko wa koti, na bei yake ningepata kuku wa kienyeji na nikarudi na chenji. Nikageuza nyuma nikasoma: unga wa mchele, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, gundi. Gundi! Binti akanituliza: ni ya kuliwa, inaitwa zanthani, inashika nafasi ya gluteni ili donge lisimomonyoke. Iwe ya kuliwa au ya kunywewa, mimi nilialika watu kula Iddi, sikuwaita kubandika soli. Na vilivyobaki humo, mchele na muhogo, ndivyo vile vile vinavyouzwa sokoni Mgandini chini kwenye turubai, havina sanduku wala picha ya mwanamke anacheka.

Ndipo nikaamua nipike kila kitu kwa mkono wangu kuanzia punje. Nilidhani uamuzi ndio kazi. Kumbe kazi ni kumwamini mtu.

Unga wa mchele ungesagwa mashineni, lakini mashine ya mtaani kwetu inasaga pia uji wa lishe, na ule mchanganyiko watu hutia kila nafaka waliyoisikia redioni, ngano na shayiri zikiwemo. Vitumbua ni vya mchele tangu enzi za mababu, lakini muulize mama anayeviuza pale kona: "Natia kijiko kimoja cha ngano vishikane." Sosi ya soya, ile nyeusi wanayorowekea kuku, kwa kawaida inatengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Hingi ya kopo, yaani mvuje uliokwisha kusagwa, mara nyingi hupozwa kwa unga wa ngano ukali upungue. Vidonge vya supu unasoma karatasi yake mpaka macho yanatoka machozi, maandishi yenyewe yameandikwa na sisimizi. Nikaenda kwa muuza halua, nikamuuliza kwa adabu: huu wanga unaotia humu ni wanga wa nini? Akanitazama toka juu mpaka chini, akanijibu: "Wa halua."

Kwa hiyo nikateremsha kinu cha marehemu mama mkwe, nikapiga mchi mwenyewe, nikiwa na saumu, jua la Tanga likinitazama. Mume wangu akapita akasema mlio wa kinu unamkumbusha utoto wake. Nikamwambia mchi una pande mbili, aje ashike mmoja akumbuke vizuri. Akakumbuka kwamba ana mtu anamsubiri msikitini.

Wifi akafika siku tatu kabla ya Iddi, na masanduku yake mawili. Moja lilikuwa na sufuria yake, kikaangio chake, mwiko wake na dodoki lake la kuoshea vyombo, limefungwa peke yake kwenye mfuko. Nimewahi kuona bibi harusi akija na vyombo, sijaona mgeni. Akasimama mlangoni mwa jiko na baibui lake, hakuingia, akaanza kunyoosha kidole.

"Wifi, mwiko ule umeshagusa chapati?"

"Wifi, mwiko ule umeanza kugusa chapati Nyerere yu hai."

"Na chekecheo?"

"Chekecheo ni la unga, wifi. Lingegusa nini, petroli?"

"Basi vyote hivyo kwangu haramu," akasema, na mimi mwenye jiko nikatazama mali yangu ikihamishwa uani kwa tuhuma. Mti, binti akathibitisha, una nyufa na nyufa zinaficha unga, hata ukisuguliwa. Kibao cha chapati kikaenda. Mwiko ukaenda. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kukaanga maandazi, nayo nje. Nilibaki na mbuzi ya kukunia nazi, kinu na hasira.

Sasa njoo kwenye mkate wa kumimina, maana huo ndio ulikuwa uwe mfalme wa meza, na hauna ngano tangu siku ulipozaliwa. Mchele unaloweka usiku kucha. Unausaga na tui zito mpaka ukiushika katikati ya vidole usihisi chenga. Unatia hamira, sukari, iliki, unafunika, unauacha uumuke. Mwishoni unapiga ute wa yai unauchanganya taratibu, mkono mmoja, bila pupa. Lakini hamira haina subira. Ukishaitia imekupa saa zako, na saa hizo lazima uziondoe kwenye saa za Iddi. Na Iddi, kama mjuavyo, haitangazwi na mpishi. Inatangazwa na mbingu.

Jioni ya mwezi 29 nikatia hamira nikimtegemea Mungu. Magharibi ikaingia, tukafuturu, watu wote wakatoka uani kutazama juu, mawingu yametanda. Simu zikaanza. Wifi anaambiwa lake kutoka Muscat, jirani ana shemeji Mombasa aliyesikia kwa mtu, kijana wangu wa pili ana kundi lake la simu ambalo mwezi umeandama humo tangu saa kumi alasiri. Mume wangu kashika redio anasubiri tangazo la Mufti. Mimi nimesimama na bakuli, uji umepanda, unatoa mapovu, unasukuma sahani niliyoufunikia. Saa tatu na ushee redio ikatamka: mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha thelathini.

Mwambie hamira akamilishe thelathini! Nikawasha mkaa, nikaupika usiku ule ule, ukawa daku. Wote wakaula kwa raha zao, wakasema hawajapata kuona daku ya namna ile, kisha wakaenda kulala. Nikaloweka mchele upya.

Usiku wa pili uji ulitii. Sufuria ya wifi nikaipaka mafuta, nikaiacha ishike moto sawasawa, nikamimina. Unasikia kwanza ule mlio wa chini, kisha kimya, kisha vitundu vinaanza kufunguka juu, kimoja hapa, kimoja pale, mpaka uso mzima unapumua. Kando zikianza kuachana na sufuria, hapo ndipo wanaume huondoka jikoni. Unaishika sufuria kwa vitambaa, unaigeuza kifudifudi juu ya makaa, mkate ukiwa umening'inia ndani kichwa chini, uso wake unaelekea moto. Ukiwa haujashika, wote unaangukia majivuni, na wewe na wifi yako mnabaki mnatazamana. Haukuanguka. Ulitoka na rangi ya dhahabu na harufu ya iliki iliyovuka ukuta.

Siku ya Iddi nikaweka meza. Pilau ya bizari nilizotwanga mwenyewe. Kuku wa kupaka. Mkate wa kumimina, vitumbua visivyo na kile kijiko cha kona, bhajia za kunde zilizolowekwa na kusagwa nyumbani, katlesi zilizovishwa yai tupu, kashata, na muhogo wa nazi. Mume wangu akatoka na kanzu yake, akapitisha macho, macho yakagota kwenye muhogo.

"Mbona kama futari? Mwezi si umeandama?"

Hapo ndipo penye kidonda. Muhogo huo huo na tui hilo hilo aliula mwezi mzima, akilamba vidole. Umeandamwa na mwezi tu, umekuwa aibu. Mchele wa kuumua ni wa watoto, mtama ni wa mwaka wa njaa, muhogo ni wa kufuturu. Chakula kikitaka kuvaa kanzu mbele ya wageni, lazima kiwe cha ngano. Watoto wa jirani waliokuja kuchukua mkono wa Iddi nimewasikia kwa masikio yangu wakinong'ona getini: nyumba ile leo hawana chapati, labda wamefilisika.

Na sahani za majirani ndizo hizo zikaanza kuingia. Desturi ni nzuri, sahani inakuja imefunikwa kitambaa, hairudi tupu. Lakini tazama kilichomo: sambusa, visheti, tambi, sambusa, keki, sambusa. Kila kitambaa nikikifunua ni kituo cha polisi. Nikazipanga chumbani kwangu ndani ya kabati, mlango nikafunga, ufunguo nikaupindia kwenye kanga, nikarudisha sahani zao na vitumbua. Aliyeniponza ni jirani wa mkono wa kulia, ambaye hatumi mtoto. Analeta mwenyewe, na haondoki mpaka aone unameza.

"Wifi wa Muscat, karibu, chukua sambusa."

"Ahsante, ngano hainipatani. Daktari kanikataza."

"Moja tu! Piga bismillahi, moja haiui mtu."

"Siwezi, dada."

"Basi nusu. Nimeipika kwa ajili yako."

Mimi wifi yangu nimemjua kwa ukali, lakini hapo nikamwona anarudi nyuma kwenye kiti, mkono umefunika sahani yake. Na akajitokeza mzee mmoja wa ukoo, anatafuna, akasema magonjwa haya ni ya Ulaya, sisi Waafrika matumbo yetu yanasaga mawe. Nikamwambia mzee, shikamoo, lakini walipopimwa watoto wa Wasahrawi, Waislamu na Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, walikutwa na ugonjwa huu zaidi ya 5 katika kila 100, na hakuna watu waliotajwa kuwa nao kwa wingi kuliko wao. Mzee akasema hao wako jangwani. Nikamwambia mkate hauulizi.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko kinu, kuliko hamira na kuliko Mufti. Mtu wa Pwani mgeni akimwambia hapana, anasikia ongeza. Mwenye sukari tunampa chai ya maziwa tukimwambia imetiwa kidogo. Mwenye presha tunamwekea chumvi pembeni ajichotee. Ugonjwa usiotoka damu tunauona ni maringo, na ukarimu wetu hautulii mpaka mgonjwa akubali kuumwa kwa ajili yetu. Wifi kavuka bahari kuja kula Iddi na kaka yake, na kazi kubwa aliyoifanya hapa ni kuilinda sahani yake mwenyewe mbele ya watu wanaompenda.

Nikaichukua ile sambusa mkononi mwa jirani, nikaila mimi. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo siku ya Iddi. "Haki yako imeshaliwa," nikamwambia, "sasa keti."

Wifi alikula. Alikula pilau, akarudia kuku, mkate wa kumimina akakata kipande, akakata kingine, akawa anakata na kuzungumza ili tusihesabu. Alipomaliza akapangusa midomo, akanitazama, nikajua linakuja.

"Wifi, mkono wako umebarikiwa. Ila iliki umezidisha kidogo."

Alhamdulillahi. Mwenye kuumwa tumbo hana nguvu ya kupima iliki.

Tatizo langu sasa ni jirani wa mkono wa kulia. Tangu alipouonja mkate ule amegundua kwamba na yeye ngano humsumbua. Tumbo humjaa, anasema, tena kwa muda mrefu, alikuwa hajui tu sababu. Kesho yake kaleta sahani tupu na kitambaa kikavu, kasimama mlangoni, kashika kiuno kwa maumivu. Nikamhurumia, nikamwambia asijitibu kwa kubahatisha, aende hospitali akapimwe damu. Na binti yangu, aliyekuwa ananisaidia kuosha sufuria ya wifi, akamkumbusha jambo moja la kitaalamu: kipimo kile hakisemi kweli mtu akishaacha ngano. Lazima awe anaendelea kuila, kila siku, wiki kadhaa kabla ya kupimwa.

Nikaenda chumbani, nikafungua kabati, nikamrudishia sambusa zake.